Jinsi ya Kutoa EP ya Bendi ya Roki Bila Lebo: Mwongozo Kamili

Bendi za roki zinazoshindwa kurekodi ni chache. Zinazoshindwa kumaliza ndizo nyingi. Nyimbo zinanaswa siku mbili za furaha tupu, kisha miksi, yaani kazi ya kuchanganya sauti zote kuwa wimbo mmoja, inalala miezi minane ndani ya kompyuta ya mtu mmoja. Jalada halijaamuliwa. Mpiga besi amehama. Kila mtu anakumbuka kivyake nani alitunga kiitikio cha wimbo wa pili. Nimepiga gitaa la ridhimu katika bendi tatu, na mbili kati ya hizo zilikwama hapo hapo, zikiwa na nyimbo nzuri ambazo watu wa nje hawakuwahi kuzisikia. Ya tatu ilivuka kwa sababu ya utaratibu: nyimbo chache, makubaliano kwenye karatasi kabla maikrofoni ya kwanza haijasimamishwa, na tarehe ambayo haikutangazwa mpaka faili za mwisho zilipokuwa mkononi.

Njia ya bendi kutoa rekodi zake yenyewe si ngeni. Januari 1977 Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester, walitoa santuri yao ya kwanza bila kuisubiri lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, yoyote. Ilikuwa na nyimbo nne zilizorekodiwa siku moja mwishoni mwa Desemba 1976, kwa pauni 500 walizokopa kwa ndugu na marafiki, chini ya lebo waliyoianzisha kwa ajili ya kazi hiyo. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha upesi, ikabidi wachapishe nyingine. Vifaa vya leo ni vingine kabisa, lakini mpangilio wa kazi haujabadilika sana.

1. Nyimbo nne, kisha simameni

EP, yaani rekodi ndefu kuliko singo na fupi kuliko albamu, ina kipimo chake. Apple Music na Spotify, majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni, huhesabu kuwa EP rekodi yenye nyimbo nne hadi sita ambazo kwa jumla hazifiki dakika 30. Mkivuka hapo inaitwa albamu. Mkileta nyimbo tatu za dakika tatu tatu, itaorodheshwa kama singo hata kama jaladani mmeandika EP. Mnaowaza santuri mna kipimo kikali zaidi: santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika hubeba kama dakika nne hadi tano kila upande kabla sauti haijaanza kupungua nguvu.

Ushauri wangu ni nne. Fedha na muda wa kuzipa nyimbo nne haki yake ndizo hizo hizo ambazo zikigawanywa kwa sita huzaa nyimbo sita nusu nusu. Ili kuzichagua, rekodini mazoezi kwa simu iliyowekwa katikati ya chumba, kila wimbo mara moja tu, na msisikilize siku hiyo. Subirini siku tatu. Kila mtu asikilize peke yake na aandike nyimbo nne anazozitaka bila kuwaonyesha wenzake. Zinazojirudia kwenye karatasi zote ndiyo EP yenu. Wimbo ambao maneno yake hayajakamilika hauingii, hata kama rifu yake, ile melodi fupi ya gitaa inayojirudia, ndiyo inayompendeza kila mtu.

2. Andikianeni

Mali bila daftari hupotea bila habari, na bendi ni mali ya watu wanne au watano wanaopendana leo. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu kutaja asilimia mbele ya rafiki kunaonekana kama kumshuku. Katika bendi yangu ya pili tuliiruka. Mwenzetu aliyefungua akaunti ya usambazaji, ile ya kupeleka nyimbo kwenye majukwaa, kwa jina lake na barua pepe yake aliondoka wiki sita kabla ya siku ya kutoa, na hatukuweza kugusa kitu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka nasi na hakujibu ujumbe. Rekodi ile haikutoka.

Ili muandikiane vizuri lazima mtofautishe haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani melodi na maneno, ambayo ni ya aliyetunga. Kuna pia haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile studioni, ambayo kwa kawaida ni ya aliyegharamia au ya bendi nzima kwa makubaliano. Wimbo mmoja unaweza kuwa umetungwa na watu wawili huku rekodi yake ikimilikiwa na watano. Fedha za haki hizi hupita njia tofauti, na anayezichanganya huishia kukosa moja.

Karatasi moja inatosha. Kwa kila wimbo andikeni majina kamili ya watunzi na asilimia zao, jumla ikiwa 100. Chini yake andikeni rekodi ni ya nani na kwa sehemu gani, nani ametoa fedha kiasi gani na atarudishiwa kabla ya mgao au la, nini kinatokea mtu akiondoka, nani anamiliki jina la bendi, na nywila za akaunti zinatunzwa wapi. Fungueni barua pepe ya bendi ambayo watu wasiopungua wawili wanaweza kuiingia, na kila akaunti ifunguliwe kwa hiyo. Wote watie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Kuhusu mgao wenyewe, kwa bendi inayotoa rekodi yake ya kwanza ninapendelea wote wapate sawa, utunzi pamoja na rekodi. Najua anayeandika maneno yote ataona anaonewa. Lakini katika roki wimbo hujengwa chumbani, na mpiga ngoma aliyebadilisha mdundo wa ubeti ndiye mara nyingi aliyeuokoa wimbo mzima. Ugomvi wa asilimia tano umevunja bendi nyingi kuliko umaskini. Mkiamua vinginevyo ni sawa, mradi iwe imeandikwa.

Kama mmoja wa nyimbo ni wa mtu mwingine mnaoupiga upya, mnahitaji leseni ya utunzi. Kama mmekata kipande cha rekodi ya mtu mkakiweka ndani, mnahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na kwa EP ya kwanza ningekiondoa tu. Watunzi wajisajili kwenye shirika la mirabaha la nchi yao sasa, wasingoje wimbo utoke. Na tafuteni jina la bendi yenu kwenye majukwaa yote makubwa. Likiwa linatumiwa na wengine, kuongeza neno moja leo ni kazi ndogo kuliko kubadilisha kila kitu baadaye.

3. Fedha

Orodhesheni kila kitu mtakacholipia: chumba cha kurekodia, fundi mitambo, miksi, masta (matengenezo ya mwisho ya sauti baada ya miksi), jalada, usambazaji, nyuzi na ngozi za ngoma, usafiri, na nakala za kushikika kama mtazitoa. Tengeni sehemu ya kumi kwa yasiyotarajiwa. Fedha nyingi ziende kwenye chumba cha kurekodia ngoma na kwa mtu wa miksi, maana hapo ndipo rekodi ya roki inapoonekana ya kweli au ya mchezo. Gitaa na sauti za waimbaji mnaweza kuzirekodi wenyewe katika chumba tulivu. Video inaweza kusubiri.

4. Mazoezi ya kurekodi si mazoezi ya jukwaani

Jukwaani makosa hufunikwa na kelele na msisimko. Kwenye rekodi yanabaki yakikutazama. Tengeni wiki tatu au nne za mazoezi ambayo kazi yake ni rekodi tu.

Anzeni na mwendo. Kwa kila wimbo tafuteni idadi ya mapigo kwa dakika kwa kuupiga wote pamoja mkiwa mmetulia, kisha ujaribuni ukiwa umepungua mapigo manne na umeongezeka manne. Mtashangaa mara ngapi ule wa polepole kidogo ndio mzito zaidi. Andikeni nambari. Mpiga ngoma azoee metronomu, ile sauti ya kuhesabu mapigo, masikioni kwa wiki nzima kabla ya studio, wala asikutane nayo siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kama wimbo unapumua, kiitikio kikikimbia kidogo kuliko ubeti, metronomu inaweza kupangwa ibadilike. Kama bado unakufa, uachieni upigwe bila metronomu. Rekodi nyingi nzuri za roki zilipigwa hivyo.

Kisha pangueni muundo. Sikilizeni ile rekodi ya simu na mhesabu sekunde kabla sauti ya kwanza ya mwimbaji haijaingia. Kama utangulizi una mizunguko minane na msikilizaji anaelewa baada ya minne, punguzeni. Msikilizeni mpiga besi na mguu wa mpiga ngoma peke yao wakipiga wimbo mzima bila gitaa. Hapo ndipo mtagundua kwamba kwa mwaka mzima wamekuwa wakipiga noti tofauti katika daraja la wimbo na hakuna aliyejua. Magitaa mawili yanayopiga kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ileile kwa mkao uleule yanazibana nafasi. Mmoja apande juu ya shingo la gitaa, au anyamaze mpaka kiitikio.

Siku mbili kabla ya studio magitaa yote yabadilishwe nyuzi na yavutwe vizuri ili zitulie. Besi pia, kama mnataka mlio wa chuma. Gitaa lipelekwe kwa fundi aangalie kama linashika tyuni mpaka nafasi ya 12 ya shingo, kwa sababu gitaa lililo sawa chini na bovu juu halirekebishiki kwenye kompyuta. Ngoma zivalishwe ngozi mpya na zityuniwe ndani ya chumba kitakachotumika, maana kila chumba kina mlio wake.

5. Siku za studio

Rekodini ngoma kwanza, lakini msimwache mpiga ngoma peke yake. Bendi yote ipige pamoja, gitaa na besi zikiingia kwa waya moja kwa moja bila amplifaya, mwimbaji akiimba kwa hedifoni, ili mpiga ngoma awe na watu wa kuwajibu. Kitakachotunzwa ni ngoma. Vingine ni mwongozo tu. Besi mara nyingi hutokea nzuri kiasi cha kubaki.

Si lazima maikrofoni ziwe kumi na mbili. Nne zikiwekwa vizuri zinatosha: moja kwenye ngoma ya mguu, moja kwenye sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali), mbili juu ya matoazi. Fundi Mwingereza Glyn Johns alijulikana kwa njia inayokaribiana na hii. Siri iko katika umbali. Chukueni uzi, mpime kutoka katikati ya sneya hadi kila maikrofoni ya juu, na urefu uwe sawa. Ukitofautiana, sauti ya sneya inafika kwa nyakati mbili, mawimbi yanapingana na sneya inakuwa nyembamba kama ya kopo. Kabla ya kuendelea, sikilizeni maikrofoni zote kwa pamoja katika spika moja. Kama mkigeuza alama ya fezi, ile inayopindua wimbi la sauti, kwenye moja yake ngoma zinapata kifua, basi ziacheni hivyo.

Rekodini kwa biti 24, kiwango cha undani wa sauti mnachokichagua kwenye programu ya kurekodia. Sauti ifike kileleni kati ya -12 na -6 dB kwenye mita, isikaribie sifuri. Katika biti 24 mnayo nafasi ya kutosha chini, na sauti iliyopasuka kwa kuzidi haiponi.

Pigeni kila wimbo mara tatu au nne, kisha mpumzike nje ya chumba. Baada ya mara ya sita mpiga ngoma anaanza kufikiri badala ya kupiga. Mtu mmoja awe na karatasi ya kuandika: mara ya pili, ubeti mzuri, mwisho umekimbia. Bila karatasi hiyo mtasikiliza kila kitu upya usiku mkiwa masikio yamechoka.

Kwenye gitaa, kosa la karibu kila bendi ni distoshoni, yaani mkwaruzo wa makusudi kwenye mlio, nyingi mno. Chumbani inajaza masikio, kwenye rekodi inageuka ukungu. Punguzeni mpaka muone aibu kidogo, kisha mpige sehemu ileile mara mbili, moja ikae kushoto na nyingine kulia. Uzito wa magitaa mnaousikia kwenye rekodi za wengine mara nyingi ni gitaa safi kuliko mlivyodhani, lililopigwa mara mbili kwa uangalifu. Maikrofoni ikae karibu na kitambaa cha spika, ianzie kati ya katikati na ukingo. Kuisogeza kwa upana wa kidole hubadilisha mlio kuliko kitufe chochote. Rekodini pia gitaa na besi kwa waya moja kwa moja sambamba na amplifaya. Siku ya miksi mkitaka mlio mwingine, noti zenu zipo.

Sauti za waimbaji zipewe siku yake. Mwimbaji aliyekaa kwa muda wa saa tisa kwenye moshi wa mazoezi hana koo tena. Aimbe wimbo mmoja au miwili kwa siku, kuanzia ule mpole, na wa kupiga kelele uwe wa mwisho. Watu wachache chumbani.

6. Miksi: mpeni mtu mwingine

Hata kama mmoja wenu anajua kuchanganya sauti, asichanganye EP yenu. Anayepiga gitaa hupandisha gitaa. Tafuteni mtu ambaye kazi zake za roki mnazipenda na mumpe faili zilizopangwa: kila faili WAV (aina ya faili la sauti lisilobanwa), zote zikianzia sekunde sifuri, zimepewa majina yanayoeleweka kama "sneya" na "gitaa kushoto", bila kompresa (kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) wala mwangwi isipokuwa ule ambao ni sehemu ya mlio wenyewe. Mwandikieni mwendo wa kila wimbo, mtumieni ile rekodi mbaya ya mazoezi ili asikie nia yenu, na nyimbo mbili au tatu za wengine mnazotaka EP yenu isimame karibu nazo.

Maoni yakusanywe na mtu mmoja. Kila mwanabendi asikilize kwenye spika, hedifoni, gari na simu, kwa sauti ya chini na ya kawaida, aandike dakika na sekunde: "1:42, besi inapotea." Maoni kama "iwe na nguvu zaidi" hayamsaidii fundi. Wekeni kikomo cha mizunguko mitatu. Mzunguko wa nne kwa kawaida ni hofu, si miksi. Sikilizeni pia katika spika moja tu, kwa sababu spika nyingi ndogo huchezesha hivyo. Gitaa la solo likitoweka hapo, kuna tatizo la fezi.

Kabla ya kumalizana naye mwombeni nakala isiyo na sauti za waimbaji kwa kila wimbo. Siku mtu wa filamu au tangazo akiitaka mtakuwa nayo, na kurudi baada ya mwaka kuitengeneza ni taabu.

7. Masta

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na huu ndio uwanja wake. Kwa miaka mingi bendi zilishindana kwa ukubwa wa sauti kwenye CD. Leo majukwaa husawazisha: Spotify kwa kawaida huvuta nyimbo kufika -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) na Apple Music karibu na -16. Wimbo uliobanwa mpaka -6 utashushwa tu, ukabaki bapa pembeni ya wimbo uliopumua. Hilo halimaanishi roki lazima ikae -14 kamili. Rekodi nyingi za roki zimekaa juu zaidi na zinasikika vizuri. Mruhusuni anayemasta aamue kwa masikio, mkimwomba tu kilele cha kweli kisizidi -1 dB ili sauti isikwaruze ikigeuzwa kuwa faili ndogo.

Mpeni miksi zisizo na limita (kizuizi cha vilele vya sauti), biti 24, zenye nafasi juu, na mpangilio wa nyimbo ukiwa umeamuliwa. Ule unaoshika haraka uwe wa kwanza, kwa sababu wengi hawatafika wa pili bila sababu. Ulio mrefu au wa polepole ninapenda uwe wa mwisho. Ukimya kati ya nyimbo nao hupangwa hapa. Mpito wa sekunde moja na wa sekunde nne hutoa hisia tofauti kabisa.

Faili za mwisho zikifika, mtu mmoja akae na hedifoni nzuri azisikilize zote toka mwanzo hadi mwisho bila kufanya kitu kingine. Kwetu ilikuwa kelele ndogo kama mkatiko kwenye sekunde ya 48 ya wimbo wa tatu, iliyoingia wakati wa kuhamisha faili. Ingetoka hivyo kwa dunia nzima.

8. Jalada na taarifa za rekodi

Jalada ni mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, JPG au PNG, kwa rangi za RGB, yaani za skrini. Lipunguzeni mpaka ukubwa wa ukucha kwenye simu. Kama halisomeki wala halivutii hapo, wasikilizaji wengi hawataliona vinginevyo. Msiweke anwani za tovuti, bei, nembo za majukwaa wala neno linalokinzana na jina la rekodi, kwa kuwa litakataliwa. Picha iwe na ruhusa ya maandishi kutoka kwa aliyeipiga au kuichora.

Taarifa ni kazi ya kuchosha ambayo hulipa miaka. Kila rekodi ya wimbo hupata ISRC, nambari yenye herufi na tarakimu 12 inayoutambulisha wimbo huo popote unapochezwa. EP nzima hupata nambari ya bidhaa, UPC au EAN. Msambazaji wenu kwa kawaida huzitoa. Zinakilini kwenye jedwali pamoja na jina la wimbo kama lilivyoandikwa hasa, urefu, majina kamili ya watunzi, nani alipiga nini, nani alirekodi, nani alichanganya na nani alimasta. Tahajia iwe ileile kila mahali. Jina la bendi likiandikwa na "The" hapa na bila "The" kule, mtajikuta na kurasa mbili za msanii na wasikilizaji waliogawanyika.

9. Msambazaji

Hamuwezi kupakia nyimbo Spotify au Apple Music moja kwa moja. Mnapita kwa msambazaji. Wapo wanaotoza ada ya mwaka na kuwaachia mirabaha yote, kama DistroKid, na wapo wanaotoza mara moja kwa kila rekodi kisha wakakata sehemu, kama CD Baby wanaochukua asilimia 9. Bendi inayotoa rekodi nyingi kwa mwaka hufaidi ada ya mwaka. Inayotoa EP moja kila miaka mitatu hufaidi mfumo wa pili, kwani kwenye ada ya mwaka muziki unaweza kuondolewa mkiacha kulipa. Someni hasa kifungu cha kuondoka na kile cha haki: msambazaji apewe ruhusa ya kusambaza, asipewe umiliki.

Sambamba na hapo fungueni ukurasa Bandcamp. Huko mtu hununua rekodi, na Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na 10 ya bidhaa za kushikika, mbali na gharama za malipo. Tangu Machi 2020 wamekuwa na Ijumaa maalumu ambazo huacha sehemu yao kwa wasanii. Kwa bendi ndogo ya roki, mashabiki 50 wanaonunua hapo wanaweza kuleta fedha nyingi kuliko maelfu ya usikilizaji kwingine. Kumbukeni kwamba tangu 2024 Spotify haihesabii mirabaha ya rekodi wimbo ambao haukufikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12.

10. Tarehe

Sasa, faili zikiwa mkononi, ndipo mnachagua tarehe. Tangu 10 Julai 2015 sekta ya muziki duniani hutoa rekodi mpya siku ya Ijumaa. Si sheria, na bendi ndogo inaweza kutoa Jumanne bila dhambi, lakini orodha nyingi za nyimbo mpya hupangwa kwa Ijumaa.

Hesabuni wiki nane kurudi nyuma. Wiki ya nane pakieni singo ya kwanza, na ya saba EP nzima. Tumieni ISRC ileile kwa wimbo utakaotoka kwanza kama singo kisha ukaingia kwenye EP, ili hesabu yake ya usikilizaji iendelee badala ya kuanza sifuri. Singo itoke wiki ya tano au ya nne. Daini kurasa zenu za msanii mapema na mhakikishe nyimbo zimeingia ukurasa wenu, hazijaenda kwa bendi nyingine yenye jina hilo. Kurekebisha kunachukua siku.

Kupitia Spotify for Artists, huduma ya Spotify kwa wasanii, mnaweza kuwapendekezea wahariri wimbo mmoja kutoka kwenye rekodi ambayo haijatoka. Mkifanya hivyo angalau siku saba kabla, wimbo huo pia unawafikia wafuasi wenu kwenye orodha yao ya Release Radar. Mimi hutuma wiki nne kabla. Elezeni ala, mahali ulipotoka wimbo na wanaousikiliza ni nani, kwa sentensi fupi za ukweli.

Kwa redio za vyuo, magazeti ya muziki na waandishi wa roki, tumeni ujumbe mmoja mmoja wenye jina la mtu, aya mbili, kiungo cha faragha cha kusikiliza bila kupakua, picha moja na tarehe. Ishirini waliosomwa kazi zao vizuri wana maana kuliko mia tano walionakiliwa. Wakumbusheni mara moja baada ya siku kumi, kisha waacheni.

Msinunue usikilizaji. Kampuni zinazoahidi orodha za nyimbo kwa malipo mara nyingi hutumia akaunti bandia, Spotify huwatoza faini wasambazaji kwa usikilizaji huo, na msambazaji anaweza kuuondoa muziki wenu bila kuwasikiliza.

11. Kitu cha kushikika

Santuri hukatwa kwa masta yake: besi ya chini kabisa ikae katikati na herufi "s" zipunguzwe makali. Agizeni chapa ya majaribio na muisikilize yote kabla ya kuruhusu nyingine. Viwanda vinaweza kuchukua miezi, kwa hiyo kama mnataka santuri siku ileile, hiyo ndiyo inayopanga tarehe yenu. Kaseti hutoka haraka, huvumilia idadi ndogo, na EP ya dakika 16 inakaa upande mmoja ikarudiwa upande wa pili. Anzeni na nakala mnazoweza kuziuza kwenye maonyesho manne.

12. Siku yenyewe na baada yake

Asubuhi fungueni kila jukwaa na msikilize sekunde 30 za kila wimbo. Waandikieni watu wenu kwa barua pepe, maana orodha ya barua pepe ni yenu hata mtandao wa kijamii ukibadilisha mitambo yake. Pigeni onyesho wiki hiyo hiyo kama inawezekana. Kisha endeleeni kuizungumzia kwa wiki sita: wimbo mmoja kila wiki, jinsi ulivyojengwa, gitaa lililotumika, video ya mpiga ngoma akiwa peke yake.

Wiki hiyo pia sajilini kila wimbo kwenye shirika la mirabaha la watunzi, na rekodi kwenye shirika la haki za rekodi na wanamuziki walioipiga. Marekani ni SoundExchange kwa redio za mtandaoni. Huko nusu huenda kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu na 5 kwa wanamuziki waliosaidia. Uingereza ni PPL. Msambazaji wenu kwa kawaida hakusanyi fedha hizi, na bendi nyingi haziziombi kamwe.

Mwisho, wekeni folda moja yenye mradi wa kurekodi, faili zote za ala, miksi, masta, jalada katika faili lake la asili, jedwali la nambari na ile karatasi yenye sahihi. Inakilini kwenye diski mbili. Moja ikae kwa mpiga besi na nyingine nyumbani kwa mtu mwingine.